Mwongozo kamili: kutunza ukoka wa nyumbani Mtwara na Lindi mvua za kwanza zikianza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nilivyohamia kwangu huku Mtwara nikapanda ukoka mbele ya nyumba, halafu nikawa nautunza kwa video za YouTube, na video zote za Wazungu zinaimba wimbo mmoja, majira ya machipuko ndio muda wa kufanya kila kitu, mwezi wa tatu mpaka wa tano, kata chini, toboa udongo, mwaga mbolea, panda palipopungua. Na mimi nikafuata hivyo hivyo. Mwezi wa nne mwishoni nikaunyoa mpaka chini, nikamwaga mbolea, mvua ikanyesha mara mbili tatu ikakata, mwezi wa tano upepo wa kusi ukaingia, kufika mwezi wa nane uwanja umekuwa kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Mama mkwe alikuja kututembelea akautazama weee, akasema "mwanangu, si bora ungefagia mchanga tu kama wenzio."

Kosa halikuwa kwenye kazi, kazi zenyewe zilikuwa sahihi kabisa. Kosa ni kalenda. Mwezi wa tatu kwao ndio jua linarudi na udongo unapata joto, huku kwetu joto tunalo mwaka mzima, kinachoamsha majani ni maji. Na sisi wa kusini hatuna vuli na masika kama watu wa Dar na Tanga, tunapata mvua moja tu kwa mwaka, zile TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaziita mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo machipuko yetu ni pale mvua zinapokolea, Novemba mwishoni au Desemba, wakati huohuo watu wako bize na korosho na maembe yamejaa barabarani. Kuanzia hapo una kama wiki sita ambazo ukoka unakula chochote unachoupa na kusamehe chochote unachoukosea. Mwongozo huu ni hasa wa hizo wiki sita, mwishoni nagusa na miezi inayofuata.

Kwanza jua una majani gani

Hapa watu wanaruka halafu wanaharibu. Huku pwani utakuta aina tatu hivi.

Kuna ukoka wenyewe, majani membamba, unatambaa juu na chini ya udongo, huu ni mgumu kama jiwe, kiangazi unakauka unakuwa rangi ya mkeka unadhani umekufa kumbe umelala. Kuna nyasi za Pemba, majani mapana manene, zinatambaa juu ya udongo tu, zinavumilia kivuli kuliko ukoka na ni za pwani hii hii asili yake. Na kuna paspalamu, majani membamba pia lakini laini zaidi, sifa yake kubwa inavumilia chumvi, ndio maana utaikuta kwenye mahoteli ya ufukweni. Kama uko Shangani au Mikindani au Lindi mjini kule chini na maji ya kisima chako ukionja yana chumvi, fikiria paspalamu mapema, usipambane na ukoka miaka mitano ndio ukubali.

Ile ya kikuyu waachie watu wa Njombe na Arusha, inataka baridi. Kuna jamaa aliibeba kwenye kiroba kutoka Iringa mpaka hapa, haikumaliza hata mwaka.

Subiri mvua ya kweli

Mvua ya kwanza ya Novemba inadanganya sana. Inapiga nusu saa, vumbi linanukia vizuri, kila mtu anatoka na jembe, halafu jua linawaka wiki mbili tatu. Wakulima wanalijua hili, anayepanda mahindi kwa mvua ya kwanza mara nyingi anarudia mbegu. Na wewe ukikata ukoka chini au ukimwaga mbolea kwa mvua hiyo umeumaliza, kwa sababu unaamka, unatumia akiba yake ya chini kutoa majani mapya, halafu maji hamna.

Kipimo changu ni panga. Chimba kidogo sehemu mbili tatu za uwanja, ukikuta unyevu umeshuka sentimita 10 mpaka 15, yaani kiganja kizima na zaidi, na ukoka umeanza kutoa ncha za kijani, anza. Ukikuta juu kumelowa na chini ni vumbi, rudi ndani kunywa chai.

Wakati unasubiri kuna kazi ya kufanya. Okota uchafu wote, majani ya mkorosho na mwembe yaliyodondoka, vifuu, misumari ya fundi aliyepaua, na mawe, maana jiwe likigonga kisu cha mashine utajuta. Noa visu. Na tafadhali usichome moto. Najua watu wengi huku kiangazi kikiisha wanawasha kiberiti ili "majani mapya yatoke vizuri", kweli yanatoka, lakini unaunguza mboji yote ya juu kwenye udongo ambao ni mchanga mtupu tayari, na upepo ukigeuka unaenda kwenye makuti ya jirani. Haina maana.

Kukata kwa mara ya kwanza

Kama una ukoka wa kawaida, hapa ndio pa kuukata chini mara moja kwa mwaka, sentimita 2 hivi, unaondoa yale makavu yote ya kiangazi ili mwanga ufike chini. Usiende siku moja kutoka juu mpaka chini kama majani yalikuwa marefu sana, kata leo nusu, baada ya siku nne tano kata tena. Halafu chukua reki ya chuma ukwangue kwa nguvu, utashangaa vitu vinavyotoka, ule mkeka wa vijiti na mizizi mikavu uliojishika juu ya udongo. Ukiwa mwembamba uache, una faida yake, lakini ukizidi sentimita moja na nusu maji na mbolea vinaishia juu hapo havishuki.

Nyasi za Pemba USIZIKATE CHINI. Naandika kwa herufi kubwa maana nimeshaona nyumba tatu zimefanya hivyo. Mashina yake yanayotambaa yako juu ya udongo, hazina kitu chini, ukiyanyoa umenyoa mmea wenyewe. Hizo acha sentimita 6 mpaka 8, usishuke chini ya hapo mwaka mzima, punguza tu makavu kwa reki ya plastiki taratibu.

Baada ya hapo sheria ni moja, usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa wakati mmoja. Ukoka na paspalamu zikae sentimita 3 au 4. Januari yanaota kwa kasi, inabidi ukate kila wiki, ukisema utakata mwisho wa mwezi ukishalipwa basi ndio unajikuta unafyeka pori na chini kunabaki njano. Fyekeo linafanya kazi kama anayelishika anajua na limenolewa, sio lazima mashine, ila kwenye uwanja mkubwa fyekeo linaacha mawimbi. Kisu butu kinachana jani badala ya kukata, kesho yake ncha zote zinakuwa nyeupe, watu wanadhani ni ugonjwa.

Mabaki kama ni mafupi yaache hapohapo yaoze, ni mbolea ya bure. Yakiwa marefu kusanya upeleke shimo la mboji au umpe mwenye mbuzi.

Kutoboa udongo

Sehemu ambazo watu wanapita, pale getini, chini ya kamba ya nguo, mnapopaki gari au bodaboda, udongo unakuwa umeshindiliwa na maji yanatuama juu. Chukua uma wa bustani, ule wa meno manne, zamisha sentimita 10, tikisa kidogo, toa, sogea kiganja, rudia. Kama huna uma tumia nondo iliyochongwa. Fanya siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini sio tope. Kwenye mchanga mtupu ambao haujashindiliwa huna haja ya kuhangaika na hii, ni kazi ya bure.

Palipotuama maji siku tatu nne baada ya mvua tatizo sio tundu, ni mteremko. Chimba kamfereji kayaelekeze maji nje au jaza udongo pasawazike. Na hapo ndio jibu la wale wanaosema ukoka unaleta mbu. Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyotuama, dimbwi, kifuu cha nazi, tairi, ndoo iliyosahaulika. Mchana wanaweza kujificha kwenye majani marefu ndio, lakini ukoka mfupi usio na dimbwi hauzalishi mbu. Nyoka ni hivyohivyo, bibi yangu alikuwa anafagia uwanja kila alfajiri asibakishe hata jani ili nyoka aonekane kabla hajafika mlangoni, na alikuwa sahihi. Ukoka wa sentimita 3 nyoka anaonekana vizuri tu, ila ukiuachia ukafika magotini bibi atakuwa ameshinda hoja.

Chakula

Udongo wetu mwingi ni kichanga, hasa ukanda wa pwani. Mchanga haushiki maji wala mbolea, unamwaga leo, mvua kubwa moja inapiga, imeshuka chini mizizi haiikuti tena. Ndio maana kidogokidogo mara nyingi ni bora kuliko nyingi mara moja.

Mimi naanza na samadi au mboji iliyooza vizuri, naichekecha kwa wavu wa chekecheke la fundi, nachanganya nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni, natandaza unene usiozidi sentimita moja halafu nasambaza kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zionekane. Ukifunika kabisa utaua. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Samadi mbichi ya ng'ombe inakuletea mbegu za magugu ya mji mzima, na mbolea ya kuku mbichi inaunguza, ikae angalau miezi miwili kwanza.

Wiki mbili baada ya kukata, ukoka ukishakuwa kijani na mvua zimetulia, ndio unakuja na mbolea ya dukani. Hesabu ni hii. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa uwanja wa mita 10 kwa 10 kilo moja inatosha. CAN ina kama asilimia 26, hiyo weka kilo mbili. Kilo moja ya urea ni kama vikombe vitano vya chai vya kawaida, watu wanaona ni kidogo mno wanaongeza, usiongeze. Gawanya mafungu mawili, fungu la kwanza mwaga ukitembea kutoka ukutani kwenda getini, la pili ukikatisha, ili usiache mistari.

Sasa hapa sikiliza. Majani yawe makavu, udongo uwe na unyevu, na ukimaliza maji yafuate, ya mvua au ya mpira. Mimi Desemba moja nilimwaga urea asubuhi umande haujakauka, nikasema mvua itakuja jioni itaosha, mvua ikaenda Tandahimba huko, jua la saa sita likafanya yake. Chembe zilishika kwenye majani yaliyolowa zikaunguza, uwanja ukawa na madoadoa kama chui, wiki nne ndio ukarudi. Na siku wingu limekuwa jeusi kabisa usimwage pia, mvua kubwa itaipeleka yote mtaroni.

Rudia nusu ya kipimo hicho baada ya wiki sita. Basi, inatosha.

Ndago, mbigili na wenzao

Mvua ikiamsha ukoka inaamsha na magugu, na hapa ndio utajua kama una subira. Mbigili na kishona nguo ng'oa mapema kabla havijatoa mbegu, kwa mkono, udongo ukiwa na maji vinatoka na mizizi. Dakika kumi kila jioni kabla ya magharibi zinatosha kwa uwanja wa kawaida, na watoto ukiwapa kazi ya kushindana nani kang'oa mingi inaenda haraka.

Ndago ni habari nyingine. Ule una vijitunguu chini, umefungamana kama mnyororo, ukivuta jani linakatika, kitunguu kinabaki na mwenzake anaamka. Njia ya mkono inafanya kazi kama hukati tamaa, unachimbua kwa kisu chembamba au bisibisi kubwa wakati bado una majani matatu manne, unatoa na kitunguu chake, unarudi kila wiki mbili msimu mzima. Kila ukiukata kabla haujajilisha akiba ya chini inapungua. Jembe usitumie, jembe linavisambaza tu vile vitunguu. Na ndago unapenda sehemu ukoka ni mwembamba, ukoka ukifungana vizuri unaukosesha mwanga, kwa hiyo kukata kwa wakati na kulisha ni dawa pia.

Kuhusu dawa za dukani, ile ya glaifoseti inaua kila kijani ikiwemo ukoka wako, ni ya kupaka kwa brashi kwenye gugu moja moja au pembeni ya ukuta. 2,4-D inaua magugu ya majani mapana na kuacha ukoka, lakini nyasi za Pemba usizijaribu nayo, jamii yake huwa inaumia. Na upepo ukibeba tone kwenye mpapai au muhogo wa jirani utaelewa ugomvi unaanzaje. Mimi kwa uwanja wa nyumbani naona mkono unatosha.

Viwavijeshi

Watu wa kusini wanawajua shambani lakini hawawategemei nyumbani. Wanakuja hasa mwanzo wa mvua, wanakula jamii ya nyasi, na ukoka wameuweka juu kabisa kwenye menyu. Dalili ni ndege wengi wanashuka uwanjani asubuhi, mabaka ya kahawia yanayotanuka siku hadi siku, na majani yameliwa sio kukauka. Kuhakikisha chukua vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye lita 4 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi, kama wapo watapanda juu wenyewe. Ukiona wachache wachia kuku, watakushukuru. Ukiona ni jeshi kweli tafuta dawa ya saipamethrini kwa kipimo cha kwenye chupa, piga jioni maana ndio wanatoka kula, fungia kuku na watoto mpaka ikauke kabisa, na mwambie afisa ugani wa kata, kwa sababu wakimaliza kwako wanahamia kwenye mahindi ya watu.

Mchwa wakitokea mara nyingi kuna mti umezikwa chini, mabaki ya mbao za fundi. Chimba utoe.

Kuziba mapengo

Desemba mpaka Januari katikati ndio muda wa kupandikiza. Mbegu za dukani sizipendi, ghali na sisimizi wanazibeba. Omba miche kwa jirani, eneo la mita moja ukilifumua linakupa miche ya kutosha mita kumi. Lainisha udongo sentimita 15, changanya samadi iliyooza, mwagilia, halafu chomeka vipande vyenye pingili mbili tatu, pingili moja iwe chini ya udongo na majani yabaki juu. Ukoka na paspalamu weka umbali wa sentimita 10 mpaka 15, Pemba hata 25. Kanyaga kwa mguu ishike. Miche ikikaa juani nusu saa imekufa, kwa hiyo ifunike na kiroba kilicholowa wakati unapanda. Siku kumi za kwanza isikauke kabisa, baada ya wiki nne hivi itakuwa imeanza kutambaa.

Chini ya mwembe mkubwa usijidanganye. Hakuna ukoka utaota pale, weka Pemba ukishindwa weka kokoto na viti, ndio mahali pa kukaa penyewe.

Maji

Januari mwishoni au Februari kuna kawaida ya mvua kukata wiki moja mbili, usishtuke. Uwanja unahitaji kama milimita 25 kwa wiki, mvua na mpira kwa pamoja. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita 100 za mraba ni lita 2,500, ndoo 125 za lita ishirini. Fikiria hiyo namba kabla hujapanda uwanja mkubwa, hasa ndugu zangu wa Newala ambao maji ni ya kununua. Nyie pandeni kipande cha mbele ya baraza tu.

Weka makopo matupu matatu uwanjani, mvua ikinyesha pima kwa rula, ikipungua 25 ongeza wewe. Mwagilia alfajiri, kwa wingi mara mbili kwa wiki, sio kinyunyizo kidogo kila jioni, maana maji ya juujuu yanafundisha mizizi kukaa juu na majani kulala yamelowa yanapata kuvu. Kwenye mchanga sana gawanya mara tatu. Kama maji yako yana chumvi, tumia mvua kubwa za Januari kuosha udongo na usimwagilie siku hizo kabisa.

Kabla ya kusi

Aprili mwanzoni, kabla mvua hazijakata, weka mboji nyembamba mara ya mwisho na majivu ya kuni kiasi, ngumi moja kwa mita moja ya mraba, yana potashi. Urea hapana, usiamshe majani laini mwezi ambao maji yanaondoka. Ongeza urefu wa kukata, ukoka uende sentimita 5, Pemba 9, ili majani yafunike udongo upepo usiukaushe. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mwanzoni mwa Mei na mvua ikamwagika kipindi ambacho tulishazoea kuwa pakavu, waliokuwa wameshaziba mifereji maji yakawakalia uwanjani, kwa hiyo mfereji uache wazi mpaka Mei iishe.

Juni ukianza kuwa rangi ya mkeka uache ulale. Ndoo tano za maji machafu ya kufulia kwenye sehemu ya mbele, mara moja kwa wiki, sabuni isiwe nyingi, zinatosha kulinda mizizi mpaka Novemba nyingine panga litakapokuta unyevu.